Yamerudi, au wamerudi?

Kabla ya kutafsiri mkutano wowote huwa natoa kaunta buku yangu, napiga mstari katikati ya ukurasa, kisha kushoto naandika maneno ya msemaji na kulia maneno nitakayoyatumia mimi. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa sasa, kwenye semina za kahawa, mikutano ya chanjo, mafunzo ya vikoba, hata harusi moja ya Mholanzi na binti wa Uru. Ukalimani ni kazi ya kukimbizana. Neno lisipokuwa tayari mdomoni, msemaji ameshafika mbele na wewe umebaki nyuma na ukumbi mzima unakutazama.

Mara hii orodha ilikuwa fupi. Haki. Maadili. Rangi. Kurejesha. Fidia. Msamaha. Na lile neno ambalo watu wa makumbusho huko Ulaya hulitumia kwa mifupa ya binadamu waliyonayo, ambalo mbele yake niliandika "mabaki ya binadamu" bila kusita, maana ndivyo lilivyo kwenye kamusi na ndivyo linavyosomwa kwenye taarifa ya habari. Nikafunga kaunta buku, nikalala.

Kikundi chetu hakina jina wala mhuri. Tulianza watu saba: walimu wastaafu wanne, nesi mmoja, fundi cherehani mmoja na mimi. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ukumbi wa kanisa tunaoazimwa hapa Moshi mjini. Tunamwalika mtu anayelijua jambo, anazungumza nusu saa, kisha watu wanauliza mpaka giza liingie. Tumeshazungumzia mabinti na urithi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Tumeshazungumzia wagumu, vijana wetu wanaobeba mizigo ya watalii mlimani, na kama posho wanayopewa inafanana na uzito wanaoupandisha. Siku ya wagumu ndipo nilipojua kwamba watu wana kiu ya mambo haya kuliko waandaaji wa makongamano wanavyodhani: masika ilimwagika juu ya bati mpaka tukawa tunapiga kelele kusikilizana, na hakuna aliyeondoka.

Jumamosi ninayoisimulia leo ilikuwa ya kwanza baada ya tarehe 2 Machi. Kwa mtu wa Old Moshi tarehe hiyo haihitaji maelezo. Viti viliisha saa nane na nusu, vijana wakakaa madirishani.

Wasemaji walikuwa wawili. Wa kwanza mwalimu wa historia wa chuo, mtu wa kwetu, ambaye alianza na yale ambayo wengi tuliyasikia jikoni kabla ya kuyasikia darasani. Mangi Rindi, yaani chifu wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, aliwapokea Wajerumani. Mwanawe Meli akarithi kiti mwaka 1891. Juni 1892 wapiganaji wa Meli waliwashinda Wajerumani, na kamanda wao Albrecht von Bülow akafa. Agosti 1893 Friedrich von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi, na Moshi ikaanguka. Kisha tarehe 2 Machi 1900, Meli na wenzake, watu 19 kwa jumla, wakanyongwa Old Moshi wakituhumiwa kupanga uasi. Kapteni Kurt Johannes ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo. Miongoni mwa walionyongwa siku hiyo walikuwemo Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Simulizi iliyobaki kwenye familia tangu siku ile ni kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, mzee Isaria Meli, amekitafuta kwa miaka mingi mno.

Hapo sikuwa na kazi kubwa, mwalimu alisema Kiswahili. Nilikuwa namnong'oneza mgeni tu.

Mgeni ndiye alikuwa msemaji wa pili, mtafiti kijana kutoka Ujerumani, mpole, aliyekuja na karatasi zake zimepangwa vizuri. Alieleza kwamba Felix von Luschan, aliyekuwa mtu wa makumbusho mjini Berlin zama za ukoloni, alikusanya maelfu ya mafuvu kutoka kila pembe ya dunia, na kwamba maofisa na madaktari wa kikoloni ndio waliokuwa wakimtumia. Mwaka 2011 mkusanyo huo ulitoka hospitali ya Charité ukawa chini ya taasisi ya umma inayosimamia makumbusho ya Berlin. Nikatafsiri. Akasema vinatunzwa kwenye makasha, na vingine vimeandikwa kwa wino juu ya mfupa wenyewe. Nami nikasema, kwa sauti yangu ya semina, "Mabaki haya yamehifadhiwa kwenye makasha maalumu, na mengine yana maandishi ya wino."

Mstari wa tatu alikaa bibi mmoja amejifunga kitenge cha kahawia, fimbo ameilaza mapajani. Hakunyoosha mkono.

"Mwanangu, ngoja kwanza. Hayo mabaki ni ya nini?"

"Ya binadamu, bibi."

"Mabaki ni ya chakula. Watu wakila wakashiba, kinachobaki sufuriani ndiyo mabaki. Sasa hapa nani alikula?"

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Mgeni akanigeukia kuuliza bibi amesema nini, na ikanibidi nimweleze kwa lugha yake kwamba neno nililolitumia kwa watu wale ni neno la makombo ya mezani, na kwamba bibi anauliza nani alikuwa amekaa kwenye hiyo meza. Niliona uso wake ukibadilika rangi. Akaweka karatasi chini. Hakuzichukua tena mpaka mwisho.

Nikawauliza watu, basi tuseme nini? Mmoja akasema mafuvu, liitwe jina lake. Mwingine mifupa. Katekista aliyekaa karibu na mlango akasema kanisani kwao kuna masalia ya watakatifu, na neno hilo lina heshima, kwa nini tusiseme masalia? Watu wengi walitikisa kichwa kukubali, mimi pia. Bibi akakataa. Akasema masalia unayaweka uyatazame na uyaombee, na hawa hawakutolewa ili waombewe.

"Semeni wazee wetu," akasema. "Kama kuna mtoto, semeni mtoto. Kama ni mama, semeni mama. Usiponijua jina, niite mtu."

Nilikubali kwa sababu ni mkubwa kwangu na kwa sababu alikuwa amenishinda. Sikujua bado nimekubali kitu gani. Wanaosema Kiswahili tangu utotoni hatuoni ngeli, tunaogelea ndani yake kama samaki. Fuvu huwa "limehifadhiwa", mafuvu "yamehifadhiwa". Mzee hawezi "kuhifadhiwa" kwenye kasha. Sentensi inakataa. Mgeni alipoendelea na kutaja hesabu, nikafungua mdomo na kikatoka hiki:

"Wazee wetu waliochunguzwa kutoka Afrika Mashariki ni 1,135. Kati yao 904 ni wa Rwanda, 202 ni wa kwetu Tanzania, 22 ni wa Kenya. Wamewekwa kwenye makasha. Wamo humo mpaka leo."

Mama mmoja akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Mgeni hakuwa amebadilisha chochote kwenye hesabu zake. Zingetafsiriwa kwa ngeli ya mabaki zingepita kama zinavyopita takwimu zote, mtu anaandika kwenye daftari anageuza ukurasa. Nesi wetu, mwanamke aliyeona vifo vingi kuliko sisi wote, aliondoka akaenda kusimama nje kidogo.

Nimetafsiri miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia herufi mbili zikibeba kitu kizito namna ile. Nimejiuliza tangu siku hiyo ni mara ngapi nimewageuza watu kuwa "ya" bila kujua, kwenye semina ngapi, mbele ya wafadhili wangapi.

Swali lililofuata lilitoka dirishani. Kijana wa kidato cha tano, bado amevaa sare ya shule. Mgeni alikuwa ameeleza kwamba von Luschan na wenzake walipima mafuvu ili kuwagawa wanadamu katika makundi, na mimi nilikuwa nimesema "kuwagawa wanadamu kwa rangi", maana kwetu husemwa ubaguzi wa rangi, na hata Katiba, ibara ya 13, inataja rangi. Kijana akauliza:

"Samahani madam, ngozi si ilikuwa imeshaoza? Fuvu lina rangi gani?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha.

Neno langu ndilo lililomkwaza, lakini swali lake lilikwenda mbali kuliko neno langu. Mgeni alifurahi sana. Akaonyesha ukutani picha ya kitu ambacho mimi sikuwahi kukiona: ubao wa vigae vidogo vya kioo, 36, kuanzia karibu weupe kabisa hadi karibu weusi kabisa, vyenye namba. Ndiyo kipimo cha von Luschan. Unakishika karibu na mkono wa mtu, unatafuta kigae kinachofanana na ngozi yake, unaandika namba. Kwa walio hai walitumia vigae. Kwa waliokufa walitumia vipimo vya chuma kwenye fuvu, urefu, upana, shimo la pua, pembe ya taya. Vyote viwili vilitafuta kitu kimoja.

Lakini kitu hicho kinaitwaje kwetu? Nikajaribu "aina za watu", nikasikia ladha mbaya mdomoni, maana aina ni za maharage: soya, ya njano, rozikoko. Mwalimu wa historia akapendekeza "mbari", akitukumbusha kwamba ndilo neno lililomo ndani ya "mauaji ya kimbari". Mzee mmoja akasema mbari ni ukoo, ni watu wa babu mmoja, na kwamba tukiliazima kwa kazi hii tutalichafua. Nadhani wote wawili walikuwa na haki. Na nadhani Kiswahili kinahangaika hapa kwa sababu kinatafuta jina la kitu ambacho hakipo mahali pake pa asili, kilichotengenezwa kwa vigae na rula.

Mwalimu aliposema mauaji ya kimbari nilirudi Arusha kwa dakika kadhaa. Mwaka 1998 nilikuwa binti, naishi kwa shangazi Kaloleni, natafuta kazi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, na mtu wa kawaida aliweza kuingia kusikiliza. Unakaa nyuma ya kioo na vifaa vya kusikilizia masikioni. Mimi nilikwenda mara ya kwanza kwa udadisi tu, nikaendelea kwenda kwa sababu ya wakalimani. Hapo ndipo nilipotaka kazi hii. Tarehe 2 Septemba mwaka huo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bagamesta, yaani meya, wa Taba, alitiwa hatiani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Katika kesi ile majaji walimsikiliza mtaalamu wa lugha akieleza maneno ya Kinyarwanda moja baada ya jingine, likiwemo "inyenzi", yaani mende, ambalo watu waliitwa kabla ya kuuawa. Majaji pia walikutana na swali la yule kijana wa dirishani: Wahutu na Watutsi wanasema lugha moja, wana mila moja, sasa ni makundi mawili kwa kipimo gani? Sehemu ya jibu ilikuwa kipande cha karatasi. Wabelgiji waliandika kundi la kila mtu kwenye kitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kiliamua kwenye vizuizi vya barabarani nani apite na nani afe.

Kwa hiyo mgeni aliposema 904 ni wa Rwanda, mimi sikuisikia kama namba ya nchi jirani. Watu hao walichukuliwa ili wapimwe, na upimaji wa namna hiyo uliwapa watawala ujasiri wa kuandika kwenye vitambulisho. Nilitamani kuyasema yote haya palepale. Mkalimani hana ruhusa ya kuingiza yake, nikanyamaza, na ndiyo sababu nayaandika hapa.

Jambo moja la mgeni bado linanisumbua. Alisema kwamba mwaka 1911 ulifanyika mkutano mkubwa London kuhusu mataifa na rangi za watu, na von Luschan alikuwa mmoja wa walioandika makala kwa ajili yake, akitetea kwamba wanadamu wote ni wa asili moja. Mtu yule yule. Aliujua ukweli akauandika, na mafuvu yakabaki kwenye rafu zake. Siwezi kumweka pamoja na wale ambao hawakujua. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema, "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa", na inaendelea kusema kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Utu ndilo neno ningemwekea upande wa kulia wa kaunta buku pale mgeni aliposema maadili. Maadili unaweza kuyaandikia makala. Utu unaonekana kwenye unachofanya na kasha likishafika mlangoni.

Ilipofika habari ya kurudi, sauti zilipanda. Mgeni alieleza kwamba Septemba 2023 ilitangazwa kuwa vinasaba vya mafuvu kadhaa vimelinganishwa na vya familia za huku, na moja, lililoandikwa "Akida", limelingana kikamilifu na mzao aliye hai wa akida, yaani msaidizi mkuu, wa Mangi Meli. Nikatafsiri: akida amepatikana, ana watu wake. Makofi yalipigwa kabla sijamaliza. Kisha mtu akauliza, na Meli? Mgeni akasema katika tangazo lile Meli hakuwemo. Nikasema hivyo hivyo, hakuwemo.

Mwalimu akakumbusha habari ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwaamuru Wajerumani walirejeshe fuvu lake, na ikachukua mpaka 1954 ndipo gavana wa Waingereza, Twining, akalileta Kalenga. "Fuvu lilirudi baada ya miaka 35," akasema mwalimu. Bibi wa kitenge cha kahawia akamsahihisha palepale, bila ukali: "Alirudi." Mwalimu, ambaye amefundisha historia muda mrefu kuliko umri wa mgeni, akainamisha kichwa akarudia: "Alirudi, mama. Alirudi mwaka 1954."

Kuhusu msamaha nitasema kidogo, kwa sababu hapo watu walirudia mambo yaleyale. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda wakati wa Vita vya Maji Maji. Wengine ukumbini walisema inatosha, sasa tuzungumze fidia. Wengine walisema Songea si Moshi. Nesi, ambaye alikuwa amerudi ndani, alisema kitu kimoja nikakipenda: kwamba Uchagani ukimkosea mtu unakwenda kwake mwenyewe na jani la sale limefungwa fundo, na huyo akiliona ni vigumu kukufukuza, lakini lazima ufike mlangoni kwake. Huwezi kulituma.

Kisha akasimama mzee wa Kibosho.

Alijitambulisha kwa kijiji na kwa umri, miaka themanini na mmoja, akavua kofia. Akasema: "Nimesikiliza tangu saa nane. Nina swali, na mgeni atafsiriwe lote. Mwaka 1891 yule Mjerumani Wissmann alipokuja kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, hakuja peke yake. Watu wa Rindi, wa hapa Moshi, walikuwa pamoja naye. Bibi yangu alisimulia habari za nyumba kuungua. Miaka tisa baadaye Molelia wetu akanyongwa siku moja na Meli wenu. Sasa tunadai haki Berlin, na mimi nadai pamoja nanyi. Ila nauliza, sisi kwa sisi, nani ameshamletea mwenzake sale?"

Sauti zikapanda kutoka kila upande. Mtu mmoja aliyekuwa amesimama nyuma alisema mambo ya ndani hayaanikwi mbele ya mgeni. Mwingine akasema hayo ni maneno ya kuwasaidia Wajerumani wakwepe deni. Mgeni akanitazama akisubiri. Kuna mkalimani angelainisha, angesema mzee ameuliza kuhusu historia ya uhusiano wa wenyeji, na kila mtu angekwenda nyumbani kwa amani. Nilitafsiri lote. Nilitafsiri hata kuungua kwa nyumba.

Ninasimama na mzee wa Kibosho, na ninajua kuna ndugu zangu watakaochukia kusoma hivyo. Swali lake halipunguzi hata senti moja ya deni la waliojenga makasha. Aliyekata kichwa anadaiwa kichwa. Lakini nimeona kwenye mikutano yetu, ya kihamba, ya wagumu, yote, kwamba haki inayodaiwa kwa aliye mbali ni tamu, na inayodaiwa kwa aliyekaa kiti cha pili inatufanya tutazame saa. Siku ya mabinti na kihamba, wanaume waliozungumza vizuri kabisa juu ya ukoloni walikaa kimya. Mzee yule alikuja kutoka Kibosho kwa daladala, na magoti yake yale, kuuliza kitu ambacho ukoo wake umekibeba zaidi ya miaka mia moja na thelathini. Angeuliza wapi pengine?

Aliyemjibu hakuwa mwalimu. Bibi wa kitenge cha kahawia alisimama kwa fimbo yake, akapita kati ya viti mpaka alipo, akampa mkono. Waliongea Kichagga kwa sauti ya chini, kila mmoja chake, maana cha Kibosho na cha Old Moshi havifanani kabisa. Mgeni akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia hilo silitafsiri.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kumsalimia bibi kwake. Daladala mpaka Kiboriloni, kisha bodaboda ikipanda Kolila, njia ya vumbi jekundu na migomba pande zote, mlima umejifunika. Nilibeba sukari kilo mbili na kaunta buku. Nilimkuta anapepeta maharage barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na maneno yako?"

Nilimwomba radhi kwa lile neno. Akasema radhi ameshatoa ukumbini, ila anataka nimsomee orodha yote. Nikasoma. Kwa haki hakusema kitu. Kwa msamaha akasema ni sawa. Kwenye fidia aliuliza itahesabiwaje, ya ng'ombe au ya nini, na akasema atamsikiliza atakayeweza kumwambia. Kwenye kurejesha alisimamisha ungo.

"Kurejesha ni jembe la jirani," akasema. "Mtu analetwa nyumbani."

Nikakata neno kwa kalamu, nikaandika juu yake: kuleta nyumbani.

Kisha akanichukua nyuma ya nyumba, ndani ya migomba. Palikuwa na mahali mimea ya sale imesimama kwa safu, mirefu, majani yake yanang'aa. Akaniambia zamani, kabla ya dini kuja, mkubwa wa nyumba akifa alizikwa, na muda ukipita kichwa chake kilitolewa kaburini kwa heshima kikawekwa ndani ya kihamba, mahali kama hapa, na sale zikapandwa kuonyesha. Kwa hiyo mtu akichukua kichwa, amechukua mahali ambapo wajukuu wangesimama wakizungumza na babu yao. Katika ukoo alioolewa yeye, akasema, yupo mtu ambaye hakuzikwa. Hakunitajia jina na sikuuliza. Mume wake alimwonyesha nafasi yake kwenye safu ile mwaka aliolewa, na tangu hapo yeye ndiye anayepalilia.

Nilitazama. Kati ya shina la nne na la tano palikuwa na pengo la hatua moja hivi, ardhi imefagiliwa safi.

Mgomba mmoja wenye mkungu mkubwa ulikuwa umeinama mpaka umeziba kijia cha kufikia pale. Bibi akaugusa kwa fimbo, akasema wakija na mzee hawatapita hapa wakiwa wamembeba. Akanielekeza nguzo iliyoegemezwa kwenye banda la mbuzi. Nikaenda kuileta. Nikausukuma mgomba kwa bega, mzito, maji ya shina yakinitiririkia shingoni, na yeye akapachika nguzo chini ya mkungu, akaigonga mara mbili, akaniambia niachie taratibu.